Chakula Kinakwama na Ngiri Imeonekana: Uanzie Wapi?

Umetoka kupimwa kwa kamera ya tumbo, na karatasi ya majibu ina mambo mawili: una ngiri ya kiwambo, na mlango wa chini wa umio umekaza, huenda ni akalasia. Watu wengi wakifika hapo hushika lile la kwanza. Ngiri wanaijua kwa jina, akalasia hawajawahi kuisikia, basi nguvu na fedha zote zinaishia kwenye ngiri. Mwongozo huu ni wa mtu wa Bagamoyo mjini, Kerege, Mapinga, Makurunge, hadi kule Saadani, ili asifuate mkumbo huo. Kinachoamua matibabu ni jinsi umio wako unavyosukuma chakula na jinsi mlango wake unavyofunguka. Ngiri inaingia kwenye hesabu baadaye, pale inapotakiwa kuamuliwa mlango ufunguliwe kwa njia ipi na ulindwe vipi ukishafunguka.

Umio ni bomba la misuli linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mtu mzima wa afya akimeza tonge, misuli hiyo inabana kwa zamu kuanzia juu kwenda chini, na mlango wa chini unalegea sekunde chache, tonge linapita, unajifunga. Kwenye akalasia, neva za ndani ya ukuta wa umio zinazouamrisha mlango ulegee zimekufa. Umio hausukumi, mlango haulegei, na chakula kinakaa kifuani kikisubiri kushuka kwa uzito wake chenyewe. Ni ugonjwa wa nadra: kwa hesabu za Ulaya na Marekani, kila mwaka humpata mtu mmoja au wawili hivi katika kila watu 100,000, wanawake kwa wanaume. Usimshangae mganga wa zahanati ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa akalasia.

Ngiri ya kiwambo ni kitu kingine kabisa, na ni ya kawaida sana, hasa umri ukisogea au mwili ukinenepa. Kiwambo ni ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, wenye tundu la kupitishia umio. Tundu likilegea, sehemu ya juu ya tumbo hupanda kifuani. Zilizo nyingi huteleza kupanda na kushuka, na kosa lake kubwa ni kuuachia mlango wazi asidi ikapanda. Sasa ona mkanganyiko: ugonjwa mmoja unafunga mno, mwingine unaachia. Ni kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua za masika ukagoma kufunguka, huku fremu yake nayo imelegea ukutani. Fundi akishughulikia fremu peke yake, bado hamtaingia ndani.

Ngiri hii haihusiani na ile ya kinena, wala busha, wala nguvu za kiume. Chupa ya mitishamba ya ngiri inayouzwa stendi haiigusi.

Kabla ya kufika kwenye kamera, wengi wameshapita njia ndefu. Kituo cha kwanza huwa ni vidonda vya tumbo. Mtu anasema kifua kinachoma, duka la dawa muhimu linampa omeprazo, inakwisha, anapewa nyingine. Akipimwa na ngiri ikaonekana, ndiyo kabisa: kila mtu anaridhika kwamba chanzo cha kiungulia kimepatikana. Lakini mwenye akalasia anaweza kuungua kifua bila asidi yoyote kupanda kutoka tumboni. Wali na ugali vilivyolala kwenye umio vinachacha humohumo na kutoa asidi yake, na omeprazo, ambayo kazi yake ni kuzuia asidi inayotengenezwa na tumbo, haina la kufanya hapo. Kwa hiyo kama umemeza dozi kamili kwa wiki nane, asubuhi kabla ya kula kama inavyotakiwa, na hakuna nafuu, usiongeze dozi nyingine. Rudi ukaulize upya.

Kituo cha pili ni kifua kikuu. Chakula kinachorudi usiku huingia kwenye njia ya hewa, mtu anakohoa akilala, anakonda, na kwa haki kabisa anapelekwa kupima makohozi. Apime. Ila majibu yakiwa safi na kikohozi kikabaki, aeleze habari ya kumeza. Kituo cha tatu ndicho kinachonikera: kukatwa kilimi. Mpaka leo huku Pwani wako wanaoamini kikohozi kisichoisha na kutapika kunatokana na kilimi kirefu, na wako wenye visu vyao wanaokikata. Kilimi hakihusiki. Atakayekatwa atatoka na kidonda, damu na hatari ya pepopunda juu ya ugonjwa wake uleule. Na wale wanaosema umelishwa kitu, wasikilize kwa adabu kama ni wazee wako, kisha uende hospitali.

Mwangalie mwenye akalasia akila. Matonge matatu ya ugali na anasimama, anavuta mabega nyuma, ananyoosha shingo, anapiga glasi nzima ya maji kwa mkupuo mpaka asikie kitu kimeshuka. Hakuna aliyemfundisha. Kwenye shughuli anakwepa kula mbele ya watu, pilau yake anafungiwa aende nayo nyumbani. Asubuhi mto una doa la mate yenye povu na punje za wali za jana, nzima kama zilivyomezwa, wala hazina ule ukali unaokera koo. Alama nyingine ya kuangalia: maji nayo yanakwama. Umio ulioziba kwa kovu au uvimbe huanza kukataa vigumu, nyama na muhogo, kisha baadaye laini. Akalasia mara nyingi hukataa vyote tangu mwanzo, leo maji yanapita, kesho hayapiti.

Chukua daftari la shule uanze kuandika kila wiki mambo manne. Chakula kukwama, chakula kurudi, na maumivu ya kifua: kila kimoja kipe 0 kama hakipo, 1 kama ni mara mojamoja, 2 kama ni kila siku, 3 kama ni kila mlo. La nne ni uzito: 0 kama hujapungua, 1 kama umepungua chini ya kilo 5, 2 kama ni kilo 5 hadi 10, 3 kama ni zaidi ya kilo 10. Jumla haizidi 12. Hizi ndizo alama za Eckardt, na madaktari hutumia hizohizo kupima kama tiba imefaulu: baada ya matibabu jumla inatakiwa iwe 3 au chini yake. Ukiingia kwa daktari na ukurasa wa miezi miwili ulioandikwa hivyo, umemrahisishia kazi kuliko kusema "kifua kinabana, dokta."

Anzia Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Huko omba mambo matatu: upimwe uzito na uandikwe, upigwe eksirei ya kifua, na upewe barua ya rufaa inayotaja wazi kwamba shida ni kumeza, si maumivu ya tumbo. Eksirei ya kawaida husaidia kuliko inavyodhaniwa. Mtu akiwa amesimama, tumbo la kila mmoja wetu huwa na kiputo cha hewa chini ya kiwambo upande wa kushoto. Kwenye akalasia kiputo hicho mara nyingi hakipo, na kifuani pengine unaonekana mstari wa maji na hewa ndani ya umio uliotanuka. Ngiri nayo inaweza kuonyesha kiputo nyuma ya moyo. Picha moja ya bei nafuu inaweza kuanza kuzitenganisha. Kama una maumivu makali ya kifua, moyo upimwe kwanza. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko palepale Muhimbili.

Rufaa itakupeleka Tumbi, Kibaha, au moja kwa moja Muhimbili, Upanga au Mloganzila. Ukienda kwa kamera, iwe mara ya kwanza au kurudia, maandalizi yako si sawa na ya wengine. Wagonjwa wengine huambiwa wasile kuanzia usiku, na inawatosha. Kwako chakula cha juzi kinaweza kuwa bado kimo njiani, na ukilazwa chali kikaingia mapafuni, hiyo ni hatari ya kweli. Omba maelekezo mapema; kwa kawaida mwenye akalasia hutakiwa kuishi kwa vinywaji vyepesi tu siku moja au mbili kabla, kisha kufunga kabisa. Ukipanda daladala ya Makumbusho alfajiri, hata chai ya Bunju iache. Ukifika, mwambie nesi kabla hujapanda kitandani: chakula hukaa kwenye umio wangu.

Kamera kazi yake ya kwanza si kuthibitisha akalasia. Ni kuhakikisha si saratani. Sisi tunaishi kwenye ukanda wa saratani ya umio unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na uvimbe ulioko pale umio unapoungana na tumbo unaweza kuigiza akalasia kwa kila kitu. Ngiri ikiwepo inaongeza giza, kwa sababu jicho la kamera linatakiwa kugeuzwa ndani ya tumbo na kuangalia juu mpaka kwenye mfuko wa ngiri. Kama una zaidi ya miaka 55, au shida imeanza miezi sita tu iliyopita, au umekonda kwa kasi, uliza bila haya: mmegeuza kamera mkaangalia kwa juu? Mmechukua kinyama cha kupima? Pengine utashauriwa na CT.

Kipimo cha pili ni cha kumeza bariamu, na hiki usikubali kirukwe. Unasimama mbele ya mashine, unapewa kikombe cha maji mazito meupe kama chokaa, unakunywa kadiri uwezavyo ndani ya dakika moja hivi, na picha inapigwa dakika ya 1, ya 2 na ya 5. Kwa mtu mwenye afya, dakika ya 5 umio uko mtupu. Kwa mwenye akalasia bariamu imesimama kifuani, na chini inachongoka kama mdomo wa ndege. Pamoja na hilo kipimo kinaonyesha ngiri, ukubwa wake, na kama kinachozuia ni mlango uliokaza au ni tumbo lililopanda na kujikunja. Omba urefu wa bariamu ya dakika ya 5 uandikwe kwa sentimita, na picha uzichukue kwenye CD. Utazihitaji baada ya matibabu, kulinganisha.

Cha tatu ni manometria, mpira mwembamba unaopitishwa puani kupima shinikizo la umio ukiwa unameza maji. Ndicho kinachohukumu. Ngiri peke yake inaweza kuufanya mlango uonekane umekaza, lakini umio bado unasukuma. Umio wenye akalasia hausukumi hata mmezo mmoja kwa mpangilio. Kipimo pia huitenga akalasia katika aina 3, na aina ya tatu, yenye mikazo ya ghafla, haipendi tiba ya kutanua mlango kwa puto na huhitaji mkato mrefu zaidi wa msuli. Kwa mwenye ngiri mpira huo wakati mwingine hujikunja kabla ya kufika tumboni, na majibu yakawa nusunusu. Hapo bariamu na kamera ndizo zinazobeba uamuzi.

Nasisitiza vipimo kwa sababu kosa lililo baya kuliko yote hutokea hapa. Mgonjwa mwenye ngiri na kiungulia hupelekwa kufanyiwa upasuaji wa kiungulia, tumbo likazungushwa umio mzima na kukazwa. Kama chini yake kulikuwa na akalasia isiyojulikana, amefungiwa mlango ambao tayari ulikuwa haufunguki. Usikubali kukazwa tumbo kwa ajili ya ngiri, popote pale, kabla ya mtu kupima kama umio wako unasukuma.

Tukija kwenye tiba, hakuna inayofufua neva zilizokufa. Zote zinalegeza mlango tu. Vidonge vya kushusha presha kama nifedipini, na sindano ya botulinamu inayopigwa kwa kamera, ni vya mtu asiyeweza kuhimili kingine; sindano huisha nguvu ndani ya miezi sita hadi mwaka. Usijinunulie nifedipini ya kuweka chini ya ulimi, itakuangusha.

Puto ni tiba kongwe kimawazo: mwaka 1674 tabibu Mwingereza Thomas Willis alikwisha kuandika habari za mgonjwa aliyesukuma chakula chake kwa mfupa wa nyangumi wenye sponji nchani. Siku hizi ni puto gumu la milimita 30, likishindwa 35, pengine 40, linalopulizwa pale mlangoni mpaka nyuzi za misuli zipasuke. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta baada ya miaka 2 puto limefaulu kwa wagonjwa 86 katika 100, upasuaji 90. Ngiri ndogo haizuii puto. Ngiri kubwa inasumbua, kwa sababu mlango haukai mahali pake na puto huteleza, na baada yake asidi inapata njia nyeupe. Hatari ya puto ni umio kutoboka. Ukitoka kuwekewa, ukasikia maumivu makali ya kifua au mgongo, homa, kuhema kwa shida, au ngozi ya shingo ikivimba na kualika ukiibonyeza, rudi usiku huohuo. Ndiyo maana siku hiyo ulale kwa ndugu Dar, usirudi Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70, ukiwa na dawa ya maumivu tu mfukoni.

Halafu kuna POEM, aliyoianza daktari wa Kijapani Haruhiro Inoue mwaka 2008. Kamera inachimba njia ndani ya ukuta wa umio na kukata msuli kwa ndani, hakuna kovu la nje. Ni nzuri, na kwa aina ya tatu ndiyo inayopewa kipaumbele. Ila haigusi ngiri, na haiweki kinga yoyote dhidi ya asidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliolinganisha POEM na upasuaji ulikuta kumeza kumepona sawasawa baada ya miaka 2, kama wagonjwa 83 na 82 katika 100, lakini michubuko ya asidi kwenye umio ilikuwa kwa 44 katika 100 upande wa POEM na 29 upande wa upasuaji. Na wengi wa hao hawakuwa na ngiri ya maana. Mwenye fremu iliyolegea tayari atarajie zaidi, na awe tayari kumeza omeprazo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kwa mgonjwa mwenye akalasia iliyothibitika na ngiri inayoonekana wazi, ambaye mwili wake unaweza kuhimili nusukaputi, ushauri wangu ni kuelekea kwa daktari wa upasuaji wa matundu madogo. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa na Mjerumani Ernst Heller mwaka 1913. Katika nusukaputi moja hufanyika mambo manne: tumbo linateremshwa kutoka kifuani, tundu la kiwambo linapunguzwa kwa nyuzi, msuli wa mlango unakatwa kama sentimita 6 kwenye umio na 2 au 3 kwenye tumbo, kisha sehemu ya tumbo inavikwa juu ya mkato kuzuia asidi. Neno la kushika ni sehemu. Kuvika nusu mbele, kwa jina la Dor, au robo tatu kwa nyuma, kwa jina la Toupet, vyote vinafaa. Kuzungusha mzima hakufai, umio usiosukuma hauwezi kupita hapo. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2004 ulipata asidi inapanda kwa karibu 48 katika 100 ya waliokatwa bila kuvikwa, na kwa 9 tu katika 100 ya waliovikwa kwa mtindo wa Dor. Tundu la kiwambo nalo lisikazwe kama linavyokazwa kwa mgonjwa wa kiungulia.

Muulize daktari wako haya kabla ya kusaini: Ngiri yangu ni ya sentimita ngapi? Utaifunga siku hiyohiyo? Utavika sehemu au mzima? Umefanya upasuaji kama huu mara ngapi, na umio ukitoboka mezani unafanyaje? Kwa upande wa bima, uliza kibali cha kila kitu kivyake, kamera, bariamu, upasuaji na siku za kulazwa, maana huwa havipitishwi kwa karatasi moja.

Wakati unasubiri, usikonde. Uji wa lishe uliochujwa, mtori, bokoboko lililosagwa, supu ya samaki yenye tui, maziwa ya mgando. Pweza, chapati, muhogo wa kukaanga na nyama choma viache. Kula umekaa wima, mlo wa mwisho uwe muda wa saa nne kabla ya kulala, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali, mito haitoshi. Mwezi wa Ramadhani daku ndiyo shida, kula halafu kurudi kulala. Ukila daku ukae macho, na kama umekonda zungumza na daktari na sheikh wako, mgonjwa ana ruhusa yake. Vidonge vimeze umesimama na maji mengi; doksisaiklini ikilala kwenye umio inachoma na kuacha kidonda. Ukishindwa kumeza hata mate kwa siku nzima, hiyo ni dharura.

Baada ya upasuaji utaanza na vinywaji, kisha vyakula laini kwa wiki mbili tatu. Miezi mitatu baadaye rudia bariamu na ulinganishe sentimita za dakika ya 5, hata kama unajisikia umepona, kwa sababu umio uliozoea kubeba mzigo hausemi kweli. Kuungua kifua kukianza sasa, mara nyingi ni asidi ya kweli, na hapo omeprazo inaweza kufanya kazi.

Na karatasi ya kuruhusiwa iweke pamoja na cheti cha bima. Siku ukipelekwa kwa upasuaji mwingine wowote, uzazi, busha, ajali ya bodaboda pale Zinga, daktari wa usingizi anatakiwa ajue kabla hajakulaza kwamba una akalasia, hata kama ilitibiwa, ili alinde njia yako ya hewa kwanza. Kama hali yako haitakuruhusu kusema, ndugu atakayekusindikiza awe anajua.